Harage la Sita

Juni 6
Mvua za plamu, zile za msimu plamu zikiiva, zimeanza. Kiwandani karatasi zinakauka kwa kusuasua hata ukutani penye moto, na msimamizi ametuambia sisi wakaguzi tusiharakishe. Karatasi yenye unyevu hudanganya mkono: unaidhani nene kumbe imelowa tu.

Naanza daftari hili kwa sababu ya Tongtong. Atatimiza miaka sita mwezi Agosti. Tunalo jina moja katika orodha ya mkoa ya watoto wa kupandikiziwa kifaa ndani ya sikio, na akishatimiza sita nafasi inakwenda kwa mwingine. Jibu linatakiwa kabla ya Julai 15. Majira ya baridi pale hospitali ya Wuhu alilia ndani ya chumba cha kupimia hadi Daktari Ruan akazima mitambo. Kwa hiyo daktari ameniachia kazi mimi. Kila asubuhi nimpime nyumbani akiwa na mashine zake za masikio. Akisikia sauti zote sita kutoka ng'ambo ya meza, mashine zinatosha, hakuna sababu ya kumpasua. Asiposikia, tuichukue nafasi.

Juni 7
Namna ya kupima tulifundishwa na Mwalimu Cheng wa kituo cha watoto viziwi, akina mama tukiwa kumi na kitu ndani ya mchana mmoja. Mtoto anakaa na harage kavu kiganjani. Mimi nakaa nyuma yake, nimeziba mdomo kwa fremu ya kutarizi iliyowambwa kitambaa, asije akasoma midomo yangu kwenye kioo cha dirisha. Natamka sauti moja. Akiisikia, anatupa harage bakulini. Sauti zenyewe ni m, u, a, i, sh, s. Kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Mwalimu alisema zikipita hizo sita, maneno mengine yote ya watu yatapita.

Leo maharage sita.

Juni 8
Sita. Mvua.

Juni 9
Sita. Nimefuta kuvu kwenye mguu wa kabati.

Juni 12
Dehui amepiga simu kutoka Ningbo wakati wa chakula cha jioni. Mume wangu huyu tunaonana naye mara tatu kwa mwaka, lakini kwa simu yuko mezani kila siku. Anataka upasuaji. Kiwandani kwao kuna fundi ambaye mwanawe alipandikiziwa, sasa anaimba mashairi.

Nikamwambia kwamba nikikubali, daktari atatoboa mfupa nyuma ya sikio, na ule usikivu mdogo aliozaliwa nao Tongtong upande huo huenda ukapotea moja kwa moja. Kwa nini nimtoboe mtoto anayetupa maharage sita?

Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Akaichukua simu mkononi mwangu. "Dehui, mwanangu, ukitaka kutoboa kitu, anza na hicho kichwa chako tuone kuna nini ndani." Kisha akamrudishia salamu za shangazi zake kama vile hakuna kilichosemwa.

Tangu niolewe sijawahi kuwa upande mmoja na mama mkwe. Ilinipa raha kidogo, nakiri.

Juni 14
Mwalimu Cheng ameniita pembeni. Anasema Tongtong anaposema "kumi", yaani shi, au "mwalimu", laoshi, ile sh haisikiki, inaanguka. Nikamwonyesha pengo: meno mawili ya mbele yameng'oka mwezi uliopita. Akacheka, akasema huenda ni hilo. Lakini alisema "huenda".

Njiani nilihesabu. Meno yameng'oka mwezi uliopita. Maneno yamekuwa yakianguka tangu lini?

Juni 15
Sita. Leo niliangalia si mtoto bali mama mkwe. Yeye hukaa mbele ya Tongtong akichambua mboga, na kila ninapotamka, kichwa chake hushuka kidogo, kama anayekubali. Mtoto anamwona.

Juni 16
Nimemwomba mama mkwe awe anakaa jikoni wakati wa kupima. Niliomba kwa adabu. Akauliza sababu. Nikasema Mwalimu Cheng anataka chumba kitulie. Akaniangalia.

"Mama Tongtong, mimi sina sauti. Mimi nakata mboga."

"Ndiyo, Mama. Ni kwa dakika chache tu."

"Sema tu kwamba naiba mtihani."

Sikusema. Akabeba beseni lake akaenda jikoni na kuufunga mlango, na mlango ule huwa haufungwi kwa sababu mvua imeuvimbisha. Aliusukuma kwa bega.

Tongtong alitupa maharage sita. Hata moja halikukosa.

Juni 17
Sita, bila mama mkwe. Nilipaswa kwenda kumwomba radhi. Sikwenda. Chakula cha mchana alinipakulia mimi wa kwanza, na hiyo ndiyo adhabu yake.

Juni 20
Mashine ya kushoto imenyamaza asubuhi. Kimrija kilikuwa na tone la maji ndani. Kila kitu ndani ya nyumba hii kina maji: chumvi imekuwa tope, mito inanuka, shuka hazijakauka tangu mwezi uanze. Zile chembe za buluu za kwenye kisanduku cha kukaushia zimegeuka waridi zote, maana yake zimeshiba. Nimezikaanga kwenye kikaango kikavu hadi zikarudi buluu, nikazilaza mashine zote mbili humo. Tongtong alishinda kiziwi kabisa, akinifuata chumba hadi chumba akiwa ameshika pindo la blauzi yangu.

Juni 21
Mashine imeamka. Sita. Koo linaniwasha.

Juni 23
Sauti yangu imekauka. Katika msimu ambao hakuna kinachokauka, nimekauka sauti. Msimamizi alisema afadhali, leo atapumzika. Lakini kipimo ni cha kila siku, hivyo nilikaa nyuma ya Tongtong nikatamka kwa kunong'ona.

A, alitupa. I, alisita, akatupa. Sh, hakutupa. Nikarudia. Nikasogea. Alikuwa ameshikilia harage, shingo imenyooka, anasubiri kwa utiifu. S, hivyo hivyo. Akageuka kuniangalia, akauliza, "Mama, bado?"

Bado! Nilikwisha kutamka mara nne.

Maji yameingia tena, nikafikiri. Nilizifunga mashine ndani ya mfuko wa nailoni nikakimbia nazo mvuani hadi duka la Mzee Hong anayeuza mashine za masikio karibu na daraja. Alizichomeka kwenye mpira wake wa kusikilizia, moja baada ya nyingine, amefumba macho. Akabadilisha betri, akasikiliza tena. "Mashine nzima, dada. Kama kuna kitu kimelowa hapa ni wewe." Akanipa taulo.

Juni 24
Kwa sh na s hakutupa harage. Mama mkwe ameniletea peari iliyochemshwa na sukari mawe kwa ajili ya koo. Aliiweka mezani, akarudi jikoni, akausukuma ule mlango.

Juni 25
Vilevile. Dehui akauliza kwenye simu mtoto anaendeleaje. Niliweza kukwepa kwa sababu sina sauti.

Juni 27
Sauti imerudi nusu. Maharage sita.

Nilimkumbatia Tongtong mpaka mashine zikapiga mluzi masikioni mwake. Mama mkwe akasema kupitia mlango, "Si nilisema? Ilikuwa ni hizo mvua." Nami nikasema ndiyo, Mama, ni mvua.

Juni 28
Sita. Mbona sina furaha. Mzee Hong alisema mashine ni nzima, na Mzee Hong hana faida ya kusema hivyo. Angeweza kuniuzia mpya.

Juni 30
Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Asubuhi niliketi nyuma ya Tongtong kama kawaida. Nikamaliza m, u, a, i. Nilipotamka sh alitupa harage. Kabla sijatamka s, aligeuka kwenye kigoda chake, akaweka kiganja kwenye koo langu. Hivyo ndivyo Mwalimu Cheng anavyowafundisha watoto kusema: mkono mmoja kwenye koo la mwalimu, mwingine kwenye lao, wahisi mtetemo. Nilidhani anacheza. Nikamwambia ageuke. Hakugeuka, akasema, "Sema."

Nikasema s. Koo langu lilitetemeka chini ya kiganja chake. Akatabasamu, akatupa harage.

"Hii," akasema. "Hii nasikia. Kooni."

Nikakaa pale. Baadaye nikaweka mkono wangu mwenyewe kooni nikatamka tena, jinsi nilivyotamka tangu tarehe saba. Kila mtoto wa nchi hii hufundishwa kusoma herufi darasa la kwanza kwa kuimba, darasa zima kwa pamoja, na s hupewa mkia wa sauti nyuma yake ili isikike hadi dirishani. Sh nayo hivyo hivyo. Nilisoma hivyo, Dehui alisoma hivyo, kila mama pale kituoni alisoma hivyo. Hatujui hata kama kuna mkia. Mtu akituambia tamka s, tunaimba.

Mkia unatoka kooni. Ni sauti ya chini, nene, ambayo hata mashine mbovu ingeileta. Mtoto wangu amekuwa akitupa harage kwa ajili ya mkia. S yenyewe ni hewa tu inayopita kwenye meno, kama tairi linalotoboka. Nilipokauka sauti mkia ulikatika, ikabaki hewa. Zile siku tatu ndizo siku pekee nilizompima.

Nilijaribu tena mchana. Nilimpa harage, nikakaa nyuma, fremu mdomoni, mkono kooni ili nijikamate nikidanganya. Hewa tupu. S. S. S. Alikaa ameshika harage. Nje maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye mabati. Alisubiri muda mrefu sana bila kulalamika, kama mtu aliyeambiwa basi linakuja.

Na wiki mbili nzima nilikuwa nimemfungia bibi yake jikoni.

Julai 1
Nilikwenda kituoni kabla ya kazi. Nilikuwa nimejiandaa kusutwa. Mwalimu Cheng alinisikiliza, akaweka kidole kooni kwake, akanitamkia s yenye mkia na s isiyo na mkia.

"Mama Tongtong, nami niliimba hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza hapa. Mtoto mmoja alipelekwa shule ya kawaida kwa sababu yangu." Sikuuliza yule mtoto yuko wapi leo.

Akapiga simu Wuhu palepale. Tuna nafasi tarehe nne.

Julai 2
Mvua. Sikupima.

Julai 4
Wuhu. Tongtong safari hii hakulia, kwa sababu Daktari Ruan alimruhusu aingie na bakuli na maharage yake. Daktari ni mtu mrefu anayezungumza akiangalia viatu vyako. Aliunganisha mashine na kompyuta akapandisha sauti za juu, akapandisha tena, hadi zikaanza kupiga mluzi zenyewe. Sh, sikio la kulia, alitupa harage. Nikainuka kitini. Sikio la kushoto, hakutupa. S, kulia, hapana. Kushoto, hapana.

Nilimwomba apandishe tena.

"Mama, mashine hupiga hodi tu," akasema. "Huko juu hakuna wa kufungua mlango."

Ushauri wake: kifaa kipandikizwe kushoto, kulia abaki na mashine. Kinaweza kumpa sauti hizo za juu, hakuahidi. Usikivu wa kushoto unaweza kupotea, hakuficha. Nikamuuliza tukikataa itakuwaje. Akasema atakwenda darasa la kwanza lenye watoto hamsini, atasikia kila neno likiwa limekatwa kichwa, na watu watamwona mzembe. Akasema "mzembe" akiniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

Majina yote mawili ya wazazi yanatakiwa, pamoja na kitabu cha familia, kile cha serikali kinachoorodhesha watu wa nyumba. Kitabu cha familia anacho mama mkwe, kwa sababu nyumba iko kwa jina lake, na hukifungia kabatini.

Julai 5
Dehui nilimwambia yote. Akaniuliza kama nimekula. Nikajua hatanilaumu, nikalia kidogo. Akasema atazungumza na mama yake. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyemwambia mtoto anasikia.

Julai 6
Nimemwambia mama mkwe. Nilieleza vizuri, na koo, na mkia, na mlango wa daktari. Alikuwa akikunja maandazi ya mvuke, na hakuacha kukunja.

"Juzi anasikia zote. Leo hasikii. Kesho?"

"Nilikosea kupima, Mama."

"Ulinitoa mimi, ukasema ndiyo kipimo sahihi sasa. Nikatoka. Akatupa sita. Niliyahesabu kwa sikio yakianguka bakulini, kule nyuma ya mlango." Akabandika andazi juu ya jani. "Uamuzi wa kumpasua mtoto kichwa siutoi kwa mtu anayebadilika kama hali ya hewa. Kitabu hakitoki."

Kila alichosema kilikuwa kweli.

Julai 7
Mvua kubwa. Mto umefika ngazi ya tatu.

Julai 8
Nilimwomba tena. Akasema ana kichwa kinamuuma.

Julai 9
Ofisi ya mkoa imepiga simu kuuliza. Nikasema tutajibu. Dehui anataka kuja kuvunja kabati. Nikamwambia mama yake si kabati.

Julai 10
Kiwandani nimepitisha karatasi kumi mbovu. Msimamizi amenirudishia zote. Jioni upande wa magharibi kulikuwa na mstari mwekundu.

Julai 11
Jua.

Na leo kwa kalenda ya zamani ni sita ya mwezi wa sita, siku ya kuanika. Uchochoro mzima umegeuka duka la nguo: magodoro, makoti ya baridi, viatu vya marehemu, vyote kwenye mianzi. Mama mkwe alitoa sanduku lake uani akaanza kutandaza. Chini kabisa kulikuwa na nguo za Tongtong za uchanga, na zile suruali zenye mpasuo nyuma ambazo watoto wetu wote huvaa kabla hawajajua choo.

Tongtong alikuwa amechuchumaa karibu na bomba akiosha maharage yake, ametupa mgongo, mashine masikioni. Mlangoni kwa jirani alisimama mjukuu wa Bibi Wan, kitoto cha mwaka mmoja na nusu, naye kavaa suruali ya mpasuo.

Nilikuwa namsaidia mama mkwe kutandaza. Akauliza bila kuniangalia, "Hiyo sauti ya tairi. Ifanye nisikie."

Nikaifanya, sh kwanza, halafu s. Hewa tupu, hakuna koo.

Mikono yake ikasimama juu ya suruali.

"Hiyo si ndiyo ya kukojozea?"

Sikuwa nimefikiri kabisa. Lakini ndiyo. Hakuna bibi hapa asiyeijua: unamshika mtoto mapajani juu ya mfereji, unapuliza sauti hiyo kati ya meno, mkojo unatoka. Mama mkwe hakusoma hata darasa moja, hakuwahi kuimba herufi. Yeye s yake haina mkia.

"Dehui nilikuwa sijamaliza pumzi, tayari," akasema. "Huyu nilimpulizia mpaka nikaona nyota. Alining'inia pale mkavu, ananicheka. Nikimwingiza ndani, analowanisha godoro. Nikasema ni kiburi cha upande wa mama yake." Akaikunja suruali, akaikunjua. "Nilimchapa makalio. Mara ngapi, sijui."

Kisha akamgeukia Tongtong mgongoni, umbali kama wa meza ile ile, akavuta pumzi na kupuliza. Sauti ndefu, safi. Tongtong akaendelea kuosha maharage. Mama mkwe akavuta pumzi tena, akapuliza kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo ikasimama, mpaka hewa ikamwishia na mabega yakashuka.

Kitoto cha jirani kikachuchumaa kizingitini, kikakojoa juu ya jiwe.

"Bibi Fang," Bibi Wan akamwita mama mkwe kutoka ndani, "umemkojoza wangu, na viatu vyangu viko hapo hapo."

Hakuna aliyecheka uani kwetu. Mama mkwe alibaki akikitazama kile kimfereji kikishuka kwenye ngazi. Akaingia ndani. Nilisikia kufuli ya kabati. Alitoka na kitambaa chekundu, akakifungua, akakiweka kitabu cha familia juu ya mto uliokuwa ukianikwa, akakipangusa kuvu kwa kiganja.

"Kimeota ukungu," akasema. "Kiache kikauke kwanza, wasikikatae."

"Ndiyo, Mama."

"Na umwambie Dehui arudi. Mtoto hapelekwi kupasuliwa na wanawake wawili peke yao."

Kisha akakaa kwenye kigoda karibu na Tongtong, mbele yake, mahali pake pa zamani, akaanza kuchambua mboga. Nilimwambia kwamba kuhusu ule mlango wa jikoni nilikosea. Akasema mlango ule fundi auone, jua likiendelea.

Julai 12
Jibu limepelekwa. Upasuaji ni tarehe ishirini na tisa. Jana jioni mama mkwe aliloweka maharage ya kupimia, leo ameyapika na mboga ya chumvi. Tongtong amekula kuliko sisi sote.